Mikono ya Bwana Aflah

Hail, Maskati
Shaaban 1388

Dada yangu mpenzi Kheiria,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima, shemeji yako Majid anakusalimu, na joto limeanza kupungua. Nataraji barua hii itakukuta huko Mombasa na afya yako, wewe na watoto, na mguu hausumbui tena.

Nina habari za Aflah, yule tuliyehama naye Unguja. Alipofika hapa alifungua duka Matrah, akaleta vitambaa vya buluu vya kiwandani, na kazi ya mama ya kutia nguo rangi ya nili ikafa. Hilo ningemsamehe. Lakini kwenye hitima ya ami, wewe hukuwepo, aliwakataza watu wasile chakula alichopakua mama, eti mikono yake ya buluu kama ya maiti. Tangu siku ile mama aliificha mikono yake ndani ya kanga mpaka tukamzika.

Basi mwezi uliopita Aflah alikuwa anamwoza binti yake Muhsina kwa watu wa Nizwa. Mashangazi wa bwana harusi walikilowesha kitambaa cha buluu cha dukani kwake, wakajisugua nacho mikononi, kisitoe rangi kama itoavyo nili ya kweli. Wakasema bibi harusi wao havai uwongo. Ikabidi aje kwangu, maana mtungi wa nili uliobaki ni ule wa mama. Nilimwacha akae mchangani juani mpaka nimalize kupika.

Nikamwambia nitafanya, ila kwa mila za Oman nili ya bibi harusi hukorogwa na babake kwa mikono mitupu. Unamjua alivyo: kazaliwa Unguja kama sisi, lakini anajitia kuzijua mila za huku kuliko wenyeji. Akaitikia kama kalelewa nayo, akapandisha mikono ya kanzu, akakoroga mpaka alasiri.

Majid anasema kwenye nikaha, Aflah alipotoa mkono, bwana harusi aliutazama, akamtazama kadhi, ndipo akaushika kwa ncha za vidole. Halua aliyoimega Aflah haikuguswa na mtu.

Dada, mila hiyo haipo. Niliitunga palepale, na mwiko wa kukorogea nilikuwa nimeukalia. Nguo ya Muhsina niliitia rangi vizuri, mtoto hana kosa. Lakini nimefurahi, Kheiria, sikufichi, nimefurahi mpaka usingizi umenirudia.

Jana Aflah alikuja kuniuliza rangi itamtoka lini. Nilimwambia aende makaburini akamuulize mama.

Wabusu watoto wote, na majirani wanaonikumbuka wape salamu.

Mdogo wako akupendaye,
Mahbuba