Larissa Avute Kamba

Bukavu, Muhumba, tarehe 6 mwezi wa tatu 2024

Mujukuu yangu Ignace,

Jambo kwako, jambo kwa bibi yako Larissa uliyemuoa, jambo kwa wote wanaolala mu nyumba yenu. Munakula? Munalala muzuri? Mimi niko. Goti la kushoto linanisumbua mvua ikikaribia, lakini mudomo haijaumwa, utaona sasa hivi.

Barua yako Hervé aliileta na lori yake, tantine yako Francine, binti yangu, akanisomea. Nimesikia nguruwe za pori zinamaliza muhogo yenu. Nimesikia masasi ya duka haifiki tena kule Mwenga. Nikasema pole. Kisha Francine akasoma kama umeyeyusha plomb, ile chuma nzito ya batri za zamani, umeimwanga mu moule ya kuipa umbo, umejitengenezea masasi, na jumamosi, ile samedi kisha Pasaka, utaweka bunduki ya koko yako Léopold, bwana yangu, ku shavu, uijaribu. Nikamwambia: rudilia. Akarudilia. Ilikuwa ileile.

Ignace, hapana.

Koko yako Léopold alikufa na macho yake yote mbili. Unazani ni bahati? Kila mara alitengeneza masasi mupya, bunduki ilifungwa ku muti na kamba za nguvu, kamba ingine ndefu ku kifyatulio, na mimi njo nilikuwa navuta, nimelala nyuma ya kisiki. Yeye alisimama mbali, pamoja na wanaume wengine. Ni vile kwetu: masasi mupya, bibi anavuta kamba. Sababu mwanaume, wenzake wakimuangalia, atasema kamba ya nini. Bibi hana mutu wa kumuonyesha kifua.

Basi Larissa avute. Na kama uliyeyusha ile plomb mu sufuria ya kupikia, tupa sufuria leo. Ile ni sumu.

Nijibu mbio.

Koko yako,
Georgette

(Ignace, ni mimi Francine. Ninaandika vile anasema. Nilijaribu kupunguza ukali, akanipiga ku mukono.)


Mwenga, tarehe 17 mwezi wa tatu 2024

Koko yangu mupenzi,

Nakusalimia na heshima yote. Goti inaendelea aje? Ujipake mafuta ya moto, usione uvivu. Sisi tuko wazima. Larissa anakusalimia sana. Sufuria ilikuwa ya zamani, haikukuwa ya kupikia, lakini nimeitupa.

Koko, sitaki kukukatala, lakini hapa si kwetu. Mimi ni mukwe hapa. Shamba ni ya bokilo yangu, papa ya Larissa. Alisema wazi: kama nashindwa kufukuza nguruwe, kisha mavuno anaipa Cédric, kaka ya Larissa, na sisi tutarudi Bukavu mikono mutupu. Cédric ametengeneza masasi yake pia. Ameshapiga moja, na haikumufanya kitu. Jana nilitaja kamba mbele yao. Koko, walicheka mupaka mumoja akaanguka ku benchi. Cédric akaniuliza: «Shemeki, na kitanda, Larissa njo anapandaka wa kwanza, uone kama haitavunjika?»

Nikikubali, nitaitwa muoga mupaka kufa. Samedi kisha Pasaka nitapiga mimi mwenyewe, wote wakiona. Uniombee tu, inatosha.

Mujukuu yako,
Ignace


Bukavu, tarehe 26 mwezi wa tatu 2024

Ignace,

Jambo. Sina salamu nyingi leo, hasira imezikula. Goti iko.

Nitakuombea, ndiyo. Lakini Mungu hajakuambia uweke shavu ku chuma usiyoijua.

Larissa, mutoto wangu, najua ni wewe unafunguaka barua. Usimupe hii. Iweke mu kitenge chako. Samedi, wanaume wakikusanyika, simama katikati uisome na sauti ya kanisa. Kuanzia hapa:

Wanaume wa Mwenga, jambo kwenu. Ni mimi Georgette, koko ya Ignace. Sikusoma, hata a sijui, binti yangu njo anaandika. Mama ya huyu kijana alikufa akimuzaa. Nilimulisha uji na kidole changu, sababu alikuwa anakatala kijiko. Ile kichwa munaangalia pale, mimi njo niliiosha. Iko yangu. Hakuna mutu ataijaribia masasi bila kuniuliza.

Nasikia munacheka kamba. Chekeni. Ignace hajaogopa kitu. Ni mimi nimemukataza, na mutoto ya kwetu hapiti juu ya neno ya koko yake. Kama ni haya, muilete kwangu, Muhumba, nitaibeba. Niko na mugongo.

Na wewe Cédric. Nasikia uko na maneno ya vitanda. Ulipiga risasi moja, bunduki ikakuhurumia, sasa unajiona fundi. Unajua bibi yako ataitwa nani ukirudi bila jicho? Ataitwa bibi ya kipofu. Muulize kama anapenda.

Papa bokilo, na heshima yako: uko na shamba, na uko na mukwe. Shamba ikiliwa inaota tena, mukwe hapana.

Nimemaliza. Larissa, sasa vuta.

Koko yenu wote,
Georgette


Bukavu, tarehe 22 mwezi wa ine 2024

Ignace mutoto wangu,

Jambo. Muko wazima? Andika tu hivi: tuko wazima. Haiombi karatasi mingi.

Pasaka imepita. Ile samedi imepita. Hervé alipita jana na lori, nikamungojea ku barabara na goti yangu hii. Akasema barabara imekatika na mvua mbele ya Mwenga, hakufika, hajui kitu. Nilimuangalia mu macho nione kama ananificha. Sikuona.

Francine ananiambia nikule. Nakula. Haipiti.

Kama ulipiga wewe mwenyewe na umeumia, sitakutukana. Unisikie vizuri: sitakutukana. Mutu akuandikie, na utakuja hapa, nitakulisha na kidole tena, nimezoea.

Koko,
Georgette


Mwenga, tarehe 9 mwezi wa tano 2024

Koko yangu,

Tuko wazima. Tuko wazima. Nimeandika mara mbili, moja ni ya mwezi iliyopita. Barabara imefunguka juzi tu. Unisamehe, najua vile ulikaa.

Ile samedi nilikuwa nimeshabeba bunduki. Wanaume wote walikuwa pale. Larissa akatokea na karatasi. Nikamwambia rudi nyumbani. Akanijibu: «Si mimi naongea, ni koko», akaanza kusoma. Walianza kucheka. Kufika pa uji na kidole, wakaacha kucheka. Kufika pa bibi ya kipofu, bibi ya Cédric akapiga kelele kutoka jikoni: «Sipendi!» Hapo wakacheka tena, lakini si mimi walicheka. Bokilo akavua kofia. Akasema: «Mama wa watu amekataza. Leteni kamba.»

Tulifunga bunduki ku muti. Larissa akalala nyuma ya kisiki. Ya kwanza ikaenda muzuri. Ya pili ikaenda. Cédric akaniuliza: «Sasa tumefunga ya nini?» Nikakuwa na haya, Koko, nakuambia ukweli, nikaanza kwenda kufungua kamba. Larissa akapiga kelele: «Simama! Bado iko moja ndani!» Nikarudi nyuma, akavuta.

Bunduki ilipasuka pale mutu anawekaka shavu. Kipande ya chuma ilitoboa mugomba nyuma, ikatoka upande ingine. Cédric alienda kuangalia ile tundu ya mugomba, akaweka kidole ndani, akarudi akakaa chini.

Kesho yake alileta bunduki yake na kamba, bibi yake akavuta. Yake imekatala kabisa, mudomo ya bunduki imefunguka kama ua. Sasa hatuna bunduki hata moja, na tumeacha mambo ya plomb. Bokilo alituita wote. Tumechimba mashimo pembeni ya shamba zote, ya kwangu na ya Cédric, na tunalinda pamoja, tukipiga makopo na kuwasha moto. Nguruwe mbili zimeshaanguka. Muhogo iliyobaki itatosha. Bokilo hajasema tena juu ya shamba. Jana alipita kwangu, akauliza tu nitapanda nini kisha mavuno.

Kitu moja inaniuma. Bunduki ya koko Léopold, ile yenye karatasi ya ruhusa na jina yake, nimeiua. Ilikuwa kitu moja tu alituachia. Sijui nitakuomba samahani namna gani.

Mujukuu yako,
Ignace


Bukavu, tarehe 15 mwezi wa tano 2024

Ignace wangu,

Jambo, jambo, jambo kwa wote, hata Cédric. Nilimwambia Francine anisomee pa «tuko wazima» mupaka akachoka sauti. Kisha nilikula foufou na samaki ya sambaza sahani nzima, akaogopa.

Juu ya bunduki: acha ujinga. Ile chuma ilikaa mu nyumba yangu miaka yote ile, na haikunisalimia hata siku moja. Haikuniuliza goti inaendelea aje. Léopold mwenyewe, angesimama pale samedi, angeruka ile chuma aende kukushika kichwa, aangalie masikio iko mbili. Namujua. Nililala naye.

Vipande, uzike ama uuze, sitaki kuviona.

Mukimaliza kuvuna, kujeni. Larissa apande mbele, kando ya Hervé, wewe nyuma ku mizigo. Nataka nishike mukono yake. Wewe utakaa jikoni, na utakula mupaka niseme imetosha.

Koko yako,
Georgette

(Francine hapa. Ameshaanza kuosha sahani ya wageni. Nimemwambia mavuno bado. Ameniambia ninyamaze.)