Mchele Niliomficha Wifi Yangu

Nei Kinaai wa redioni, nakuandikia kutoka hapa kisiwani Betio, na nakuomba barua hii uisome bila kutaja jina langu, maana nyumba zetu hazina kuta na kila mtu anajua hata kikohozi cha mwenzake.

Mume wangu ni baharia, mwaka wa pili huu yuko kwenye meli za mizigo za Wajerumani, nimebaki na kuku na redio. Zamani nilikuwa na wifi yangu Teruru, nyumba yake hatua kumi tu kutoka kwangu, tulikuwa tunapika pamoja na watoto wake wanne wanalala kwangu mpaka nakosa pa kujinyoosha, sasa meli ya chakula ilipochelewa na mchele ukaisha madukani mimi nilikuwa nimeshanunua magunia matatu, nikayaficha kwenye kachumba ketu ka mabati kenye kufuli, nikayalaza chini, nikayafunika turubai na kupanga masanduku juu, kwa kuwa unajua mwenyewe, ndugu akija na bubuti, akakuomba kitu chako, kumkatalia huwezi, aibu yake huimalizi, na ukoo wote wa mume wangu ukijua, magunia matatu ni chakula cha siku tatu.

Teruru akaja na bakuli. "Wifi, watoto wiki nzima hawajaonja wali, nipunguzie kidogo."

"Wifi, mwenzio sina hata punje."

Akanitazama, akacheka. "Haya, basi leo sote ni watu wa nazi!" Akaenda zake.

Tangu siku hiyo nikimwona anakuja nakimbilia kukutana naye njiani asije akaingia, watoto nikawaambia naumwa kichwa wasije kulala, wakazoea, sasa ni miezi mitano hawaji kabisa. Juzi nimefungua gunia, chini limelowa, limeota ukungu wa kijani, fukusi wanatembea. Kumwaga siwezi, nguruwe wote wa hapa ni wa Teruru, na ufukweni watu wanaona. Basi naosha, napika, nakula peke yangu nimejifungia kwenye kachumba kale ka mabati, na tumbo linanisokota. Jana mtangazaji alisema habari za asubuhi, nikajikuta naitikia kwa sauti. Nei Kinaai, mchele huu nauokoaje, na Teruru asijue?

Mpweke wa Betio

NEI KINAAI ANAJIBU:

Mwanangu, sufuria iliyo jikoni mwaga sasa hivi! Ukungu hautoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Mchele huo hata nguruwe usiwape, uzike mbali na kisima. Gunia lenye fukusi tu, kavu, lisilonuka, lianike juani kwenye mkeka, upepete, utakula bila wasiwasi.

Na nani alikufundisha kulaza gunia chini? Ardhi yetu inatoa maji, mabati yanatoa jasho, wewe ukaongeza turubai juu ili jasho lisipate pa kutokea. Ukinunua tena, anika kwanza, ukipoa tia kwenye ndoo za kifuniko cha kubana, ziinue juu ya mbao, zisiguse ukuta. Unga vivyo hivyo. Andika tarehe, ule wa zamani uishe kwanza. Na usinunue wa miezi sita katika joto hili, hata ukiwa na hofu. Hofu yako naielewa, nami nimeishi na mume wa baharini.

Sasa la Teruru. Unataka asijue? Duka linapoishiwa, aliyenunua magunia matatu hujulikana kabla hajafika kwake. Alijua siku ile ile. Alicheka ili usiaibike, halafu wewe ukamfungia watoto nje. Hilo ndilo lililomuuma, wala si bakuli la mchele.

Zawadi usimpelekee, ataona unamlipa. Nenda mikono mitupu, keti kwenye mkeka wake, na safari hii bubuti uifanye wewe. Mwombe aje mlishike pamoja lile gunia la ukungu, wewe upande huu na yeye ule, mkalizike. Kisha mwombe watoto walale kwako. Maneno yakikukwama, lia, ataelewa. Miezi mitano hujamwomba mtu kitu, na kwetu asiyeomba watu hudhani hataki ndugu.

Nenda leo, kabla hajawasha moto wa chakula cha jioni, ili akuhesabu na wewe.