Sauti ya Mama na Kifungo cha Akiba

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana nimeishiwa pa kushika. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, naishi na mama, na mwaka juzi kabla ya upasuaji wa koo uliomwondolea sauti tulimrekodi wiki nzima, anasimulia utoto wetu, anacheka, anamsema mdogo wangu kwa uvivu wake, na siku hizi kila jioni huandika kwenye daftari lake "Niwekee", nami namwekea, anajisikiliza kafumba macho. Mwezi uliopita nikanunua kompyuta mpya, nikahamishia kila kitu, ile kuukuu nikaifuta nikaipeleka kwenye vyuma chakavu, na mdogo wangu akanisihi niweke nakala za akiba, nikamjibu kwamba habari za akiba nilizijua kabla yeye hajajua kufunga vifungo, kwa sababu kila shati ninaloshona naweka kifungo cha akiba kwa ndani na mteja hahangaiki, basi nikafungua folda humo humo kwenye kompyuta mpya, nikaiita Akiba, nikanakili rekodi zote, nikatulia. Akaomba nakala na yeye, nikamwambia kama anampenda mama aje amsikilizie hapa. Aliondoka, na tangu siku hiyo haji.

Sasa kompyuta imeanguka kutoka meza ya kukatia, inakwaruza tu, haifunguki, na folda ya Akiba imekwenda na vyote. Siku sita mama anaandika "Niwekee", namwambia iko kwa fundi wa kompyuta, kumbe nimeificha chini ya vitambaa, na kila akienda kuoga naiwasha kujaribu bahati yangu. Nimwambie, au nisubiri kwanza? Na nikipata nyingine, nifanyeje yasinikute tena?
Fundi Niliyeumbuka

Fundi, pole, na pole hii inatoka moyoni, maana sauti ya mzazi haiuzwi dukani. Lakini nitakusema pia. Majuto ni mjukuu, na wako umeshampakata.

Kwanza, acha kuiwasha. Diski ya ndani inayokwaruza inazidi kujikwangua kila unapojaribu bahati yako. Ipeleke leo kwa mtaalamu wa kuokoa data, siyo yule wa kubadilisha vioo vya simu, na umweleze ilivyoanguka bila kuficha. Huenda akatoa zote, huenda nusu, huenda asitoe kitu. Sikuahidi.

Kifungo chako cha akiba kinafaa kifungo kikikatika. Shati likiungua, vinaungua vyote. Ukipata kompyuta nyingine, nunua na diski ya nje siku hiyo hiyo, ipange inakili kila wiki, ukimaliza ichomoe uifungie kabatini, mbali na meza yako. Nakala ya pili ikae nyumba nyingine kabisa. Kila mwezi fungua rekodi moja uisikilize, maana nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu. Na mashine ya zamani haifutwi mpaka hayo yote yamekamilika.

Nyumba nyingine unaijua ni ipi, na hapo ndipo nilipokukasirikia. Mdogo wako aliomba sauti ya mama yake, ukamfanyia kama kaja kuazima mkasi. Ungempa, leo mama angekuwa anasikiliza. Kumuuguza mzazi ni jambo kubwa, nakuheshimu kwa hilo, ila hakukupi hati ya kummiliki.

Mama mwambie leo. Huyu ni mtu aliyekaa mbele ya daktari akaambiwa sauti yake inaondoka, akabeba. Na hili atalibeba. Asichostahili ni kuandika "Niwekee" kila jioni kwa mtoto anayemdanganya. Kaa naye, mpe kalamu, na umwache aandike mpaka amalize, hata yakiwa makali.

Kisha nenda kwa mdogo wako kwa miguu yako, si kwa simu. Akifungua mlango usianze na habari za kompyuta. Anza na samahani.