Hamisi Amepokelewa Chuoni

Lindi, Jumatatu, mwezi wa Mfungo Tatu

Amepokelewa! Shule ya Wadachi haichukui mtoto ambaye hajang'oka meno ya utoto, na Hamisi wangu ana miaka mitatu tu. Mama mkwe alitaka abaki naye, lakini macho yake hayaoni tena, na kisima chake hakina kifuniko. Niliogopa.

Leo asubuhi nikampeleka kwa Bi Mwanaidi, anayesomesha watoto Kurani barazani kwake.

“Shikamoo, Bibi. Nikienda shamba sina wa kumwachia.”

“Marahaba. Mbona mdogo mno?”

Hamisi akaniachia mkono, akaketi mkekani kati ya wenzake, akaanza kupaza sauti nao, maneno hayajui.

Bi Mwanaidi akacheka. “Haya, nenda kalime.”

Kwa mara ya kwanza tangu nimzae, nimelima hadi adhuhuri bila mtoto mgongoni. Nilikuwa naimba peke yangu kama mwendawazimu.