Majibu ya Mkono wa Kushoto

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji hajambo? Na wanangu je? Mwambie yule mdogo kwamba picha aliyonichora nimeibandika ukutani, ingawa amenipa vidole saba mkono mmoja. Mimi mwili ni mzima. Najua utashangaa kupata bahasha wakati simu zipo, tena kutoka kwa mtu ambaye kila ukimpigia anakuambia yuko darasani, hata Jumapili.

Naishi bado katika chumba kile nyuma ya maabara, dirisha linatazama stoo ya madawati mabovu. Walimu wenzangu ni watu wema, lakini kila mmoja ana kwake. Saa kumi ikifika wanashika njia zao, nami nabaki na madaftari. Kuna siku neno langu la mwisho kwa binadamu mwenzangu huwa ni “futa ubao.”

Kazi inakwenda. Kwenye matamshi ya Kiingereza nawapa kila mmoja kipande cha karatasi akishike mbele ya midomo, herufi ikitoka na pumzi karatasi ipepee. Wanarushiana mate, wanacheka mpaka machozi, na sasa naitwa Madamu Karatasi. Sarufi wanaivumilia. Kilichowashinda ni barua. Waliwaandikia watu wasiokuwepo, wakasema wao ni wazima, wakaishia hapo. Nikaona hakuna atakayejifunza kuandika barua kama hana wa kumjibu.

Rafiki yangu wa chuoni, anayefundisha mji mwingine, alikubali wanafunzi wake wawajibu wangu. Nikakusanya barua thelathini na moja. Kabla sijazituma, akaniarifu kwamba amehamishiwa ofisini, hana darasa tena. Ningewaambia wanafunzi wangu ukweli siku ile, yangeishia hapo. Lakini kila nikiingia walikuwa wananiuliza kama majibu yamefika, na mmoja alikuja amejichana vizuri kana kwamba barua ingemwona. Nikajifungia wikiendi mbili nikayaandika majibu yote mwenyewe, kwa kalamu mbalimbali, herufi nikizilaza huku na kule.

Wengi walichoka baada ya jibu la kwanza. Aliyeendelea ni msichana mmoja wa kidato cha pili ambaye wenzake humwita Profesa kwa ajili ya miwani yake. Huyo nilikuwa namjibu kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto hauna haraka, dada. Unakuachia nafasi ya jambo moja tu, na ukichoka unasema la kweli. Rafiki niliyemtunga nikampa chumba changu, woga wangu wa kuingia mahali penye watu wanaocheka, na dada anayeiga sauti za majirani mpaka watu wanashika mbavu. Naye akaniandikia kuhusu baba yake, fundi seremala, ambaye akikasirika hagombi, ananyamaza wiki nzima.

Kisha ikaja barua moja. Shangazi yake alikuwa amejifungua mapacha, na baba alitaka binti aache shule aende kumlelea. Alikuwa amekubali kwa sababu hakuweza kuistahimili ile wiki ya kimya. Lakini alitaka kumaliza kidato cha nne, na hilo hakumwambia mtu yeyote isipokuwa huyo rafiki.

Jumatatu iliyopita dawati lake lilikuwa tupu. Nikaenda kwa mwalimu mkuu na kumweleza yote. Ni mama wa maneno machache. Aliniuliza barua hiyo niliipata lini, nikamwambia Ijumaa. Akachukua mkoba wake, akasema kunigombeza kutasubiri, twende kwanza.

Tulimkuta baba kwenye karakana yake, amejaa vumbi la mbao mpaka nyusi, na begi la binti liko mlangoni. Alitupa viti, akamtania mwalimu mkuu akae bila wasiwasi, kwani hivyo si vya shule. Kisha akasema binti mwenyewe karidhia, tumuulize. Tukamuuliza. Akainamisha kichwa, akasema ndiyo, ameridhia.

Nikatoa barua. Baba akaitazama, akasema Kiingereza hakijui, amsomee mwenye mwandiko. Profesa akaipokea. Nilimwona akiutambua mwandiko wake, akanitazama mimi, akaitazama tena karatasi, na nikajua ameelewa kila kitu. Nilidhani ataichana. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaanza kusoma, sentensi moja moja, akiigeuza kwa Kiswahili. Alipofika pale pa kimya cha baba yake hakuruka.

Baba akamwomba arudie hapo. Akarudia. Baba akasugua ubao kwa kiganja, kisha akasema dada yake atatafutiwa mtu mwingine, na begi lirudishwe ndani.

Sasa lile ambalo sikumwambia mwalimu mkuu. Barua ile sikuipata Ijumaa. Ilikuwa chini ya mto wangu siku ishirini na moja. Nilijua, dada. Nilijua nikisema kama mwalimu, yule rafiki atakufa na barua zitakoma, na hapa hakuna mwingine anayeniuliza nimeshindaje. Nikamjibu mara mbili zaidi, nikimuuliza habari za vitabu. Mtoto anazama, nami nasubiri barua inayofuata.

Profesa alitusindikiza mpaka barabarani. Mwalimu mkuu alipotangulia, akaniambia polepole, “Tarehe sikuisoma, mwalimu.” Ni kweli. Mimi niliyewafundisha kwamba barua huanza na tarehe, sikugundua kwamba ameiruka.

Kisha akaniuliza, “Huyo dada anayeiga majirani, yupo kweli?”

Nikasema yupo.

“Basi si ungemwandikia yeye.”

Amerudi darasani. Alhamisi nilipokusanya barua, yake ilikuwa ya kiofisi, kwa Mwalimu wa Kiingereza, kuhusu ombi la kuhamia dawati la mbele kwa kuwa haoni ubao vizuri. Anwani mbili, tarehe, sahihi. Hakuna kosa hata moja. Nimempa alama zote na nimemhamisha. Ananiita mwalimu, ananijibu kwa adabu, na kengele ikilia anatoka.

Kesho asubuhi nitampelekea mwalimu mkuu tarehe ya kweli. Sijui atanifanyaje. Akiniondoa, nitakuja kwenu na sanduku langu, na naomba usiniulize kitu mbele ya watoto.

Msalimie shemeji, wabusu wanangu wote wawili. Ukiipata hii usipige simu, dada. Niandikie, hata mistari miwili.

Ni mimi,
Mdogo wako