Maji ya Bahari Yamekwama Nyololo

Mbeya, Jumamosi

Mama yangu mpenzi,

Kamwene mama, na shikamoo. Mimi mwanao Agustino ni mzima wa mwili. Moyo ndio haukai. Hujambo na baridi ya asubuhi huko Kalenga? Kifua kimeachia? Namwomba katekista anayekusomea barua hii asome polepole, asiruke maneno kama anavyoruka Jumapili njaa ikimwuma.

Ujumbe wako ulinifikia kwa mdomo wa dereva wa lori, yule Mbena mcheshi. Siku hiyo hakucheka. Alisema macho yako yameingia ukungu, na kwamba umesema, "Mwambieni Agustino aje nimwone ningali naona." Tangu hapo situlii. Chai inanipolea mkononi. Nakwenda stendi, narudi, nakwenda tena bila sababu. Mama, naogopa. Naogopa kufika nikakuta inabidi unipapase uso ndipo unijue.

Utauliza kinachonizuia ni nini, nami naona haya kukujibu: ni samaki.

Bibi mkubwa mwenye hoteli hii, Mzungu mjane, ana sanduku la kioo ukumbini, refu kama kitanda chako. Ndani mna maji ya bahari, na mawe yaliyo hai. Ndiyo, hai, yanafungua na kufumba vidole kama mtoto mchanga. Kati ya mawe hayo wanapita samaki wadogo wa manjano na wa buluu, wamepambwa kuliko bibi harusi. Hawaliwi. Najua unacheka. Nami nilicheka, mpaka nilipokabidhiwa kazi ya kuwabadilishia maji.

Kila baada ya Jumamosi mbili nachota maji ya zamani kiasi cha robo, kisha natia mapya yanayoletwa kwa mapipa kutoka Dar es Salaam. Robo tu. Nilipoanza nilitaka kuyamwaga yote, maana wewe ulitufundisha kwamba mgeni hapewi maji yaliyolala mtungini. Bibi mkubwa akanishika mkono. "Polepole, Agustino. Ukibadilisha yote mara moja, watakufa kwa mshtuko. Usipobadilisha kabisa, watakufa kwa uchafu wao wenyewe." Basi nimekuwa mtu wa kuyatazama maji kutwa, kama wewe unavyolitazama wingu wakati wa kupanda.

Ameniahidi ruhusa nikishabadilisha maji ya safari hii. Lakini lori la mapipa limezama kwenye tope Nyololo, mvua haikatiki, na Jumamosi ya kubadilisha ilikuwa wiki iliyopita. Samaki wanapanda juu kutafuta pumzi. Na mimi vilevile.

Kwa hiyo vumilia kidogo, mama. Nisalimie dada, umwambie asikuache uende kisimani peke yako. Nisalimie mjomba anayekulimia shamba, na yule jirani anayekuletea kuni bila kuombwa, Mungu amzidishie.

Ni mimi mwanao,
Agustino

Jumanne

Mama, barua nilikuwa nimeifunga, nimeifungua tena.

Jana nilikwenda stendi kuulizia lori. Huku nyuma Sekela, dobi wetu, Mnyakyusa anayefagia hata njia isiyo yake, akanionea huruma. Akamwaga maji yote. Akayasugua yale mawe kwa majivu mpaka yakang'aa, akajaza maji ya kijito na chumvi ya Ivuna, ileile tunayotia kwenye maharage. Nilipoingia nilimkuta anajipangusa mikono, ana furaha.

"Haya, maji yako tayari. Nenda kwa mama."

"Sekela! Umefanya nini?"

"Si bahari ni chumvi tu? Nimeonja yale ya zamani, nikaonja na haya. Sawasawa kabisa!"

Nilimwonyesha. Samaki walikuwa wamelala ubavu. Sekela akaziba mdomo kwa kanga, nami hata kukasirika nilishindwa, maana alifanya kwa ajili yako.

Kabla hatujajua la kufanya tukasikia honi. Lori limeingia, limepakwa tope mpaka kwenye kioo! Tukabeba maji mbio, Sekela analia, Bibi mkubwa mwenyewe ameshika ndoo. Samaki watatu wamepona. Mawe yamebaki meupe kama mifupa. Bibi mkubwa hakumfukuza mtu. Alikaa sakafuni akitazama tu, na nilimhurumia.

Asubuhi hii nikamkumbusha ruhusa yangu.

"Ngoja maji yatulie," akasema. "Jumamosi mbili tu."

Nikaitikia, "Ndiyo, memsabu," kama nilivyozoea. Nikafika mlangoni, miguu ikagoma. Mama, maji haya hayataacha kutaka kubadilishwa. Itakuja Jumamosi nyingine, na nyingine tena, na ukungu wa macho yako haungoji Jumamosi. Nikarudi nikamwambia ninaondoka leo.

Halafu akasema huenda nikirudi nisiikute kazi yangu. Nikamjibu kwamba Sekela ataweza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka; Mbeya nzima hakuna sasa atakayeyaogopa maji yale kumshinda yeye.

"Nenda, kaka," Sekela akaniambia pale uani. "Robo tu, kila Jumamosi ya pili. Nimesikia. Hata kuonja sionji tena."

Sijui kama nimefanya vyema kwa habari ya kazi. Ninaogopa hilo nalo, lakini ni woga mdogo.

Lori linarudi Dar es Salaam sasa hivi kwa njia ya nyumbani, na mapipa matupu, nami nimekaa juu kati yake, naandika kwenye goti. Dereva anasema Nyololo pamekauka kidogo. Barua hii siipeleki posta, na katekista apumzike. Nitakusomea mwenyewe, mama, nikae mbele yako pale mlangoni penye mwanga, unitazame mpaka ushibe.