Mtu Aliyekaa Nyuma ya Kioo

Jamnagar,
9 Februari 2019

Mama mkwe wangu mpendwa,

Naigusa miguu yako kutoka huku mbali. Goti linaendeleaje na baridi hii? Na yule nyati wetu wa maziwa, ameshazaa? Wifi Hetal akusomee polepole, asiruke mistari kama kawaida yake. Mimi ni mzima. Tangu Kirit wetu atutoke, bado nakanda unga wa watu wawili. Chapati zinazobaki anakula ng'ombe wa mtaani, naye amenenepa kweli.

Uliuliza ninafanya nini hasa ofisini kwa Pareshbhai. Ninachora mbele za maduka kwenye kompyuta. Nikivuta mstari, unakuwa ukuta wa kioo. Nikisema fremu za alumini ziachane kiasi gani, zinajipanga zenyewe, na nikiweka mlango, kipande cha kioo kinaupisha kwa adabu. Mashine haina ubishi. Wabishi ni wenye maduka.

Mwezi uliopita tulipewa kazi ya duka la sari la bibi mmoja mjane, Santokba. Pareshbhai aliniambia waziwazi kwamba muda wangu wa majaribio unaisha, na bibi huyo akikataa picha zangu, nifungashe virago nirudi kijijini.

Picha ya kwanza niliijaza watu walio tayari ndani ya programu, ili duka lionekane lina wateja. Santokba alivaa miwani, akauliza hao wazungu wamemwomba nani ruhusa ya kukanyaga godoro lake jeupe na viatu. Alitaka yule mwanamke mwenye mkoba atolewe palepale. Kwake, mteja anavua viatu mlangoni, anakaa kwenye godoro hilo, analetewa chai, ndipo sari zinaanza kufunguliwa.

Nikawafuta wote. Alipoiona picha ya pili haina mtu hata mmoja, Santokba akasema, "Binti, sijafungua duka, wewe umeshanifilisi!"  Pareshbhai alisema ya tatu ndiyo ya mwisho.

Basi nikatafuta watu waliokaa. Programu inao, lakini wote wako vitini. Nikaondoa viti, wakabaki wanaelea hewani kama watawa waliofunga miaka kumi. Pareshbhai alipita nyuma yangu, akauliza kama tunauza sari au tunagawa wokovu.

Ndipo nikakata mtu kutoka kwenye picha niliyokuwa nayo. Amekunja miguu vizuri, mkono ameunyoosha mbele. Nikamshikisha sari nyekundu, akawa muuzaji. Lakini fremu ya kulala, niliyoiweka kwa kimo cha watu waliosimama, ilipita katikati ya pua yake. Sikuweza kumwacha vile. Nikaishusha shibiri nzima, nikapanga upya vioo vyote kumi na kimoja, mlango nao ukahama. Kazi ya kutwa.

Santokba alipoiona alipiga makofi. Alisema hatimaye amepatikana mtu anayejua kukaa, na fremu iwe hapohapo, uso wa muuzaji uonekane kutoka barabarani. Kisha akataka mtu huyo aletwe kazini Jumatatu, chakula cha mchana juu yake. Nikamwambia haitawezekana. Akaongeza na chai ya jioni.

Mama, mtu huyo ni Kirit. Ile picha ya harusi ya Hetal, alipokuwa akikupa peremende nawe unakataa kwa sababu ya jino. Sikukuomba ruhusa. Mwaka mzima sikuthubutu kuitazama. Siku ile nilimtazama tangu asubuhi, nikimsogeza kidogo kushoto, kidogo kulia, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Sikujua Santokba angeichapisha kwenye turubai kubwa na kuitundika mbele ya jengo. Sasa mwanao anauza sari sokoni, urefu wake mara mbili ya alivyokuwa. Jana binamu yake Ramnik alipita na pikipiki, akamwona, akaingia na pikipiki yake kwenye mkokoteni wa karanga. Hakuumia, ila anakuja huko Jumamosi ijayo, nami sikutaka uyasikie kwake. Kwenye simu ningelia tu.

Kazi nimepata. Nimeipata kwa uso wake, na hilo linanichoma. Turubai litashushwa tarehe ishirini, mafundi watakapofunga vioo. Ukisema lishuke kabla, nitakwenda kulishusha kwa mikono yangu, Pareshbhai aseme atakalo. Lakini kama moyo wako unaweza, panda basi uje kwanza. Tutasimama ng'ambo ya barabara, mimi nawe. Anacheka, Mama. Nilikuwa nimesahau jino lake la pembeni.

Nisalimie wote nyumbani. Unapowasha taa ya maombi jioni, unikumbuke na mimi.

Mkazamwana wako,
Ranjan